Matarumbeta ya Manispaa

"Pigeni tena," aliamuru afisa mapato. "Bado hajatoka."

Mashavu alijipangusa midomo kwa mkono wa shati, akalirudisha tarumbeta mdomoni. Nyuma yake mpiga ngoma alikuwa ameegemea ukuta, anapiga alimradi tu. Walikuwa mbele ya nyumba ya fundi makochi mmoja, Jumamosi asubuhi, na jua lilikuwa limeshaanza kuwachoma visogo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Manispaa ikishaandika barua, ikapiga simu, ikatishia, na mwenye nyumba bado kaziba masikio kuhusu kodi ya jengo, inamtumia matarumbeta. Wanapiga mlangoni kwake mpaka majirani wajae, naye aone haya, alipe. Wengi hulipa kabla wimbo wa pili haujaisha. Kuna mama mmoja alilipa huku analia, na Mashavu hakula siku ile.

Zamani alikuwa mtu wa harusi. Kumkodi haikuwa mchezo. Watu walivunja vibubu. Tangu aajiriwe na manispaa hakuna aliyemwita tena, maana nani anataka majirani wadhani anadaiwa? Hata binti yake wa kumzaa, alipoolewa, alimwambia kwa upole, "Baba, njoo. Ila hilo tarumbeta liache nyumbani." Aliliacha. Yale maneno yalimuuma, na yanamuuma mpaka leo. Asubuhi hii alikuwa ameshakata shauri: wakimaliza hapa, analikabidhi ofisini, basi tena.

"Huyu ana kiburi," afisa mapato alisema. Alikuwa mwanamke wa rika la binti yake, viatu vinambana. "Juzi nilimpigia kumwonya. Unajua aliniuliza nini, mzee? Eti tunakuja saa ngapi, na tuko wangapi. Akaniambia tusichelewe!"

"Labda kachoka kujificha, mwanangu."

Wanaume wawili walipita na viti vya plastiki vichwani, wakapenya kwenye mlango wa uani.

"Umeona? Anahamisha mali tusije tukaikamata!"

Mashavu aliona kwamba viti vilikuwa vinaingia, si vinatoka, lakini hakuwa na nguvu ya kubishana.

Majirani wakaanza kukusanyika. Wanawake walikuwa wamejipamba, wanaume wamepiga pasi mpaka mikunjo inakata. Siku hizi watu wanavalia hata aibu ya mwenzao, aliwaza Mashavu, na roho ikamsinyaa.

Mara dirisha likafunguka. Mdaiwa akachungulia, kanyoa vizuri, shati jeupe, tai inaning'inia shingoni bila kufungwa.

"Jamani, wanamuziki! Mbona mnapiga kinyonge hivyo? Changamkeni kidogo!"

Umati ukaangua kicheko. Afisa mapato akavimba kwa hasira. Mashavu alisikia uso unamwaka. Kwenye kazi hii alishatukanwa, alishamwagiwa maji ya vyombo, lakini kuchekwa na mdaiwa mwenyewe, hilo lilikuwa geni. Haya, alijiambia. Kama ni wimbo wa mwisho, waupate.

Akafumba macho, akapuliza kama alivyokuwa akipuliza enzi zake, mashavu yakatuna hadi masikio yakasogea. Mpiga ngoma akaachana na ukuta, akaamka kweli. Watu wakapiga makofi. Vibibi viwili vikashikana mikono vikaanza kucheza katikati ya barabara.

"Hata haya hawana!" afisa mapato alinung'unika.

Hapo mdaiwa akatoka, tai imekaa sawa, bahasha mkononi. Akampa afisa mapato. Afisa akahesabu noti, akazirudia, akakuta deni lote limetimia pamoja na faini. Akaandika risiti, mabega yakamshuka kwa nafuu.

"Inatosha, mzee," alimwambia Mashavu. "Kalipa. Tuondokeni."

"Muondoke muende wapi?" fundi makochi aliuliza.

Nyuma yake geti lilikuwa linafunguliwa pande zote mbili, na bibi harusi, binti yake, akatoka polepole, shangazi zake wamemshikia shela lisiguse vumbi.

"Hela ninayo tangu barua ya kwanza," fundi makochi alisema, akimtazama Mashavu. "Lakini ningelipa mapema, mzee wangu, mngekuja?"