Hodi ya Jumamosi

Mama Gladness alitoka nje, akafunga mlango wa nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi tena.

"Karibu," Loisi akaitikia kutoka ndani, akafungua. Alimtazama mama yake kidevuni, kama alivyofundishwa, maana macho ya watu yalimchoma. Mikono ilikuwa imetulia. "Shikamoo. Karibu ndani. Karibu kiti."

"Vizuri. Na wewe binti, ni nani?"

"Mimi ni Loisi. Nilizaliwa Mpwapwa, siku ya mvua, nikakataa kunyonya, halafu bibi akaja na..."

"Fupi, Loisi. Sema kama tulivyopanga."

Loisi akafumba macho, akasema kama walivyopanga. Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akageuka haraka kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Kazi hii haikuanza jana. Tangu daktari alipoitaja hali ya Loisi kuwa ni usonji, mama huyu, karani wa ofisi moja ya serikali, alikuwa akirudi kutoka kazini amechoka hoi na bado anaingia jikoni na bintiye: kuwasha gesi, kuzima gesi, kusonga ugali, kununua nyanya bila kukimbia kelele za sokoni. Majirani walimwambia anajisumbua bure, mtoto wa namna ile ni wa kukaa naye tu. Wangejua. Loisi sasa alikuwa mtu mzima anayefua, anayepika na anayelala peke yake bila taa. Mtaani walimwita mama yao Mama Gladness, ingawa Loisi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Ndivyo alivyojitambulisha alipohamia Dodoma, na hakuna aliyeuliza.

Na chumba cha kupanga kilikuwa kimepatikana. Kipo mtaa wa Kikuyu, uani kwa Bi Joha, mlango wa bluu, dirisha linatazama mpera. Loisi alipokwenda kukiona alikaa sakafuni katikati, akacheka. Kimya cha mle kilimfaa. Bi Joha alikuwa na wasiwasi mmoja tu: mpangaji wake akipigiwa hodi, ataweza kuongea na watu?

Tangu siku hiyo Loisi hakuwa na wimbo mwingine. "Ufunguo wangu uko wapi?" aliuliza akiamka, aliuliza mezani, aliuliza mtu akiwa bafuni. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga ya mama yake.

"Jumamosi tuna wageni," mama alimwambia. "Ukiwapokea vizuri, palepale nakukabidhi."

Gladness, mdogo wake, alikuwa kwenye kochi anapaka kucha rangi. "Mama, mwache tu aseme jina lake."

"Wale wa mwaka jana aliwaambia jina lake, akaanza kujitikisa. Walimaliza hata chai?"

Gladness akainamia kucha zake.

Ijumaa mama alitungua picha ya familia ukutani, ile ya siku ya kipaimara, akasema kioo kinataka kusafishwa. Loisi hakupenda. Alisimama mbele ya alama iliyobaki ukutani, akiipapasa, mpaka mama akamwahidi kwamba picha atahamia nayo Kikuyu. Kisha mama akaingia bafuni, akafungulia maji, akalia. Aliona aibu, na alijua vizuri ni aibu ya nini. Akajiambia ni siku moja tu, akanawa uso.

Jumamosi gari likasimama nje, limejaa vumbi la njia ya Kibaigwa. Wakashuka wazee wawili waliovaa makoti na mama mmoja wa vitenge. Hodi ikapigwa.

"Karibuni ndani. Shikamooni. Karibuni viti."

Loisi akaleta maji, wakanawa. Akamimina chai, hata tone halikumwagika. Hakujitikisa, hakuguna kama alivyozoea. Mama alimwangalia na fahari ikamjaa kifuani. Miaka yote ile ya jikoni ilikuwa imesimama pale, imeshika birika. Gladness alikuwa bado chumbani, mlango umerudishwa.

Mzee mmoja akapokea kikombe, akamtazama Loisi kwa upole.

"Ahsante, binti. Mkarimu kweli. Wewe ndiye ndugu yake mchumba wa kijana wetu?"

Loisi akamtazama kidevuni.

"Hapana, mzee. Mimi ni dada wa kazi. Gladness amezaliwa peke yake."

Kisha akamgeukia mama yake, akanyoosha kiganja kupokea ufunguo.