Jina la Saba

Siku hizi mtoto habatizwi mpaka mashine ya usharika ithibitishe vizazi saba vilivyomcha Mungu. Nilimpa mchungaji orodha ya mjukuu wangu Namsifu, niliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri niliojifunza ukubwani kwenye kisomo cha ngumbaru. Majina sita niliyapata kwa marehemu baba. La saba, Kiangi, nililibuni juzi, maana bila hilo mtoto angerudishwa nyumbani.

Mashine ikasoma, ikasema, "Vizazi vyote saba ni vya kweli."

"Unaona, mzee wangu? Mungu hakuruka hata kizazi kimoja," mchungaji akasema.

"Hata huyo Kiangi?"

"Hasa huyo! Alisali sana." Akageuza kioo cha mashine nione sura ya Kiangi.

Binti yangu, aliyempakata mtoto, akacheka. "Baba, si pua yako hiyo!"

Nilijishika pua. Mtoto akabatizwa, nami sikuitikia amina.