Paa la Mama Edith

Paa lilipanda vizuri, lilipofika nusu likakwama. Modesti akaiachia winchi, akalitukana kimoyomoyo, akaenda kutafuta grisi.

"Zungusha, fundi," alisema Mama Edith, akiwa ameinama ndani. "Nataka nisimame wima humu. Mimi si kuku."

Nusu ya mtaa wa Majengo ilikuwa imejipanga mbele ya gereji. Pikapu ya marehemu mumewe, iliyobeba mahindi kutoka Mollo miaka nenda rudi, sasa ilikuwa na chumba mgongoni: kuta za bati, mlango nyuma, na paa la kushushwa safarini na kuinuliwa kwa winchi gari likisimama, turubai likiziba pengo pande zote. Modesti hakuwahi kutengeneza kitu cha namna hiyo, wala hakumjua fundi aliyewahi. Lakini mama huyu kila alipoambiwa haiwezekani, alivuta kigoda akakaa mpaka ikawezekana.

"Mama, hilo ni kabati au banda?" kijana mmoja wa bodaboda aliuliza, wenzake wakacheka.

"Ni nyumba. Ukija, piga hodi."

Kila mtu alijua gari lile ni la kazi gani. Edith, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba kubwa kule Kipili. Miguu ilikuwa imevimba, na daktari alimwambia alale, asinyanyue hata ndoo. Mumewe, Cleophas, alikuwa mvuvi, siku nyingi yuko ziwani, na nyumba yao ilisimama peke yake mwisho wa kijiji, hakuna jirani wa kumsikia akiita. Mimba ya kwanza iliharibika juu ya lori, Edith akisafiri kwenda kujifungulia kwa mama yake kama desturi inavyotaka. Tangu siku ile Cleophas aliapa kwamba mke wake hapandi tena gari akiwa na mimba.

Mama Edith naye hakuweza kwenda kukaa huko. Kwao mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, liwalo na liwe. Mwezi uliopita alishuka Kipili, akafua, akapika uji, jua lilipoinama akamwacha mwanawe analia, akapanda gari la kurudi. Basi ilibaki njia moja tu, ya kumfuata binti kwa gari lenye kitanda na kumchukua, kwa heri au kwa shari.

"Huyu wa pili simpotezi," alikuwa akisema. "Cleophas atake, asitake."

Modesti alimwonea huruma, na pia aliogopa. Kutorosha mke wa mtu si mchezo, na yeye ndiye aliyechomelea kila chuma. Alikuwa amepanga vitanda viwili, mama akakataa.

"Viwili vya nini? Weka kimoja, na hapo weka jiko."

Godoro alichagua gumu, eti mgongo wake hauwezi laini. Akapakia ulezi wa uji, kuni, mabeseni, na magogo mafupi manene ambayo Modesti alidhani ni ya kuzuia magurudumu kwenye mteremko. Ule mzigo ungetosha msiba mzima.

"Panda," mama alimwambia siku ya safari. "Paa likigoma nani atalitengeneza? Ila kurudi utapanda basi."

Modesti akaelewa. Kiti chake kingekuwa cha Edith.

Mama Edith aliendesha mwenyewe, polepole, kupitia Namanyere, kisha chini mpaka ziwa likaonekana. Modesti alijaribu kuwazia atakachowaambia polisi, hakupata chochote cha maana.

Habari zilikuwa zimetangulia kwa simu. Cleophas aliwaacha waingie uani, kisha akauburuta mtumbwi mbovu na kuziba nao mwanya wa ua nyuma yao. Akasimama mbele ya mtumbwi, kifua wazi, uso ameugeuzia ziwani kama heshima ya mkwe inavyodai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mama Edith, naye akitazama kwingine.

"Fundi, mwambie mama namheshimu sana. Lakini Edith hatoki hapa. Nilishamzika mmoja kwa ajili ya safari. Hilo gari litoke bila yeye, au linikanyage mimi."

Modesti akaona kwamba mtu yule hatanii. Dirishani alitokea Edith, ameshika tumbo, macho yamevimba.

"Mama, nakuomba msigombane."

Mama Edith alirudi kwenye usukani, akalisogeza gari kinyumenyume mpaka mlango wa chumba chake ukatazamana na dirisha la binti yake, karibu kiasi cha kupokezana kikombe. Akazima gari, akashuka, akashika winchi mwenyewe. Paa likapanda mpaka juu bila kukwama. Kisha akatoa jeki, magogo na spana, akachuchumaa penye gurudumu la mbele.

"Fundi," alisema, gurudumu la kwanza likitoka, "mwambie mkwe wangu huo mtumbwi auache hapo hapo. Sipendi mbuzi wa watu waingie kwangu usiku."