Bahasha Iliyofungiwa Lindi

Ulimpita. Usinigeuzie shingo, ulimpita: Lusweti amepiga magoti mbele ya mlango wake mwenyewe, mtaani Lindi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anavuta kufuli ambalo si lake. Ukaangalia simu. Mimi sisahau.

Kufuli lilikuwa la ploti, yaani nyumba za kupanga. Kodi ya miezi miwili haikuwa imefika, na Lindi hatuandikiwi barua ya onyo. Lusweti alikuwa ametoka alfajiri kubeba abiria kwa pikipiki ya watu. Aliporudi kuchukua bahasha, akakuta mlango una mwenyewe mwingine.

"Nzuki, ndugu yangu, kuna bahasha ya kahawia hapo kitandani. Nitolee hiyo tu."

Nzuki, msimamizi wa ploti, alikuwa akipiga mswaki. Akatema povu. "Kila mtu ana bahasha. Lete kodi."

"Niko na mtihani saa mbili. Bila hiyo bahasha hakuna mtihani."

"Wewe? Mtihani?" Nzuki akamkagua kuanzia mvi za kidevuni hadi gambuti, viatu vyake vya mpira. "Wa nini?"

"Corporate Finance. Kampuni inatoa wapi pesa na inaiweka wapi."

"Na yako utajua lini inaenda wapi?"

Akina mama waliokuwa wakichota maji wakaangua kicheko. Lusweti naye akacheka, angefanya nini? Mwishowe Nzuki akakubali rehani: koti la mvua. Mawingu ya asubuhi hiyo uliyaona. Lusweti akalivua, akatolewa bahasha, akaisukuma ndani ya shati, akawasha pikipiki.

Alipofika mtaa wa Gatina akasimamishwa na msichana mwenye mkoba na haraka. Yvonne, mwanafunzi.

"Hadi chuo ni ngapi?"

"Mia."

"Kwani naenda Machakos? Sitini."

"Panda."

Mvua ikaanza. Yvonne akajificha nyuma ya mgongo wake. "Harakisha, boss. Niko na pepa saa mbili."

"Ya Corporate Finance."

"Umejuaje?"

"Hata mimi naenda hiyo."

Yvonne alicheka hadi pikipiki ikayumba. "Wacha! Babu, uko mwaka gani?"

"Hii kozi niko nayo mwaka wa nne."

"Kozi moja? Miaka minne? Si uiachie wenyewe!"

"Nimefikiria hivyo mara nyingi. Hata leo asubuhi."

Hapo Yvonne akamhurumia. Akamwambia asijali, hata yeye muhula mzima hajakanyaga darasani, anauza vifuniko vya simu mchana kutwa na kusoma madaftari ya kuazima. Lusweti akasema alikuwa amegundua.

"Basi nisaidie. Gharama ya mtaji ni nini?"

"Ni kile ambacho aliyekupa pesa zake anakikosa, kwa sababu alikupa wewe na si mwingine." Akakwepa dimbwi. "Aliyekupa jasho, mpigie hesabu hiyo hiyo."

"Eh! Unajua hivyo na bado unafeli?"

Getini akamlipa sitini kamili, akaanza kukimbia, kisha akageuka. "Na usikae karibu na mimi, babu. Usije ukanikopia!"

Saa mbili na dakika nne ukumbi ulikuwa umejaa, wanafunzi mia na ishirini, kalamu mkononi. Lusweti aliingia wa mwisho, maji yakimchuruzika kwenye gambuti. Yvonne, kwa huruma tu, akamwonyesha kiti kitupu kule nyuma.

Hakukitazama. Alipita safu baada ya safu, hadi kwenye meza ya mbele. Akafuta mikono kwa suruali, akatoa bahasha ndani ya shati, kavu, akaipasua.

"Samahani kwa kuchelewa, darasa. Maswali yenu ni haya, nimeyachapisha kwa pesa ya boda. La kwanza ni la lazima: chuo kinapokea karo yenu yote, na mimi ninayewafundisha sijalipwa mihula saba. Pesa iko wapi?"

Yvonne akainamia simu yake.

"Jibu haliko kwenye karatasi. Liko ofisi ya fedha, hapo chini. Mtihani tutaufanya tukirudi. Inukeni, twende tukaulize. Na wewe pia uliyenipita mlangoni asubuhi, unayejifanya hunioni: weka hiyo simu, inuka. Sasa hivi."