Safu ya Nyuma, Onyesho la Wanawake

Nilikuwa nimeshamwondolea Bi Mwanaidi mlango wa sinema, ngazi zake na harufu ya bisi. Alikaa kitandani ametulia, kifaa changu kikiwa sikioni mwake. Sheria ni hiyo: anayenunua jengo la zamani hununua pia kumbukumbu zake. Sinema ya mtaa wao sasa ni ghala la mtu, nami hupita nyumba kwa nyumba kumchukulia kumbukumbu hizo kutoka vichwani mwa watu.

"Imebaki safu ya nyuma," nilimwambia.

Mumewe, Mzee Shekue, aliingia na kahawa. Yeye nilimaliza kumwondolea zake wiki iliyopita.

"Mke wangu, hivi tulikutana wapi?"

"Sinema, kwenye onyesho la wanawake. Wanaume marufuku. Ukaingia na buibui la dada yako, ukaja kukaa ubavuni pangu."

"Mimi? Na ndevu hizi?"

"Ndevu ulizificha. Miguu ndiyo iliyokuumbua. Mwanamke gani ana miguu kama makasia?"

Mzee alicheka sana, kama mtu anayesikia habari za jirani, kisha akarudi jikoni.

"Kila jioni huniuliza," Bi Mwanaidi alisema. "Mwanangu, ukishaniondolea, yeye hawezi kunisimulia mimi?"

"Haikai kwake, bibi. Akilala, inafutika."

Alikivua kifaa taratibu, akanikabidhi. "Basi kwa leo inatosha."

Sikumlazimisha. Nilifunga mkoba wangu. Safu ya nyuma nitaimalizia kesho asubuhi, na jioni wataulizana wote wawili.