Sijambo ya Pangoni

Paukwa! Hata msipoitika, hii itasemwa tu.

Mtoto wa digidigi alibaki yatima pangoni, mguu umevunjika, chakula hakipiti, na kila kivuli kinamtia kiwewe. Wanyama wakamuundia timu: Nyani wa mifupa, Njiwa wa maliwazo, Kobe wa chakula. Sharti likawa moja, kwamba hakuna kuingia kwa mgonjwa mpaka wote watimie.

Wapi! Leo Njiwa ana semina, kesho Nyani ana mitingi. Waliofika walisimama mlangoni wakaita, "Mwanetu, hujambo?"

"Sijambo," sauti nyembamba ikajibu, nao wakaondoka wakipongezana.

Siku moja Kobe alichelewa, kama kawaida yake, akakuta wenzake wameshakwenda. Akaita, "Mjukuu wangu, umekula?"

"Sijambo."

"Na mguu je?"

"Sijambo."

Jibu lilelile kwa kila swali! Akavunja sharti, akaingia. Akakuta mifupa mikavu, na juu yake ametua Kasuku.

"Aliniomba niitike badala yake," Kasuku akasema. "Alichoka kuwajibu watu wasioingia."

Kobe akambeba Kasuku mgongoni awe shahidi, akawangoja wenzake nje. Walipofika akalia, "Jamani, mtoto amekufa!"

"Kumbe uliingia peke yako?" Nyani akafoka. "Prosija umeitupa wapi, mzee?" Akaligeukia pango. "Mwanetu, hujambo?"

"Sijambo."

"Si huyo mzima?" Njiwa akacheka.

Mgongoni kwa Kobe, Kasuku akamwinamia sikioni. "Babu," akanong'ona, "mimi sijafungua mdomo."