Funza na Nyumba ya Bure

Mjinga akipewa nyumba ya bure haulizi jirani yake ni nani.

Mwaka ule Bi Sikudhani hakuchoma mabua ya mpunga baada ya kuvuna. Aliyaacha yafunike jaruba lake. Funza, yule mtoboa mashina, akacheka mpaka akajikunja.

"Mama huyu uzee umemwingia kichwani," akasema. "Miaka yote alituunguza, leo katuachia nyumba na godoro." Akaita ukoo wake wote, wakahamia siku hiyo hiyo.

Kesho yake Buibui akabisha hodi, mnene, na watoto msururu.

"Jirani, moto ulikuwa ukinimalizia watoto kila mwaka. Mwaka huu nimelea wote, mia mbili."

"Hongera, dada. Na unawalisha nini?"

"Ndilo lililonileta," akasema Buibui, akichungulia ndani. "Nasikia ndugu zako wamefika wote?"

Siku ya tatu Funza alikuwa amebaki peke yake. Akatambaa mpaka jikoni kwa Bi Sikudhani.

"Mama, shikamoo. Huna kiberiti?"

"Marahaba. Ninacho," akajibu bibi, "lakini ni cha kupikia wali."